Lori Lililorudi Tupu

Karakana ya Ushirika,
Sumbawanga.
Julai 1975.

Dada yangu Sekela,

Shikamoo dada. Nakuandikia nimevaa sweta mbili na koti la kazi juu yake, kwa kuwa baridi ya Ufipa mwezi huu haina adabu kabisa, ila mwili ni mzima na chakula kinashuka. Wasiwasi wangu ni kwenu. Shemeji kifua kimemwachia? Watoto wamemaliza ile surua? Na migomba iliyolazwa na upepo, mmeiinua au mmewapa ng'ombe? Nijibu yote hayo, hata kama jibu ni baya.

Barua yako imenifikia. Nimesoma jinsi ulivyozunguka Kyela mpaka mpakani ukimtafuta Baba, ukarudi na miguu iliyovimba na bila habari yoyote. Nimesoma pia kwamba Baba mdogo Sadoki bado anasimama mbele za watu na kusema Baba alihama kwa sababu yangu, kwa kuwa nilimjibu vibaya aliponitaka nioe mke wa pili, na kwamba chanzo cha yote ni Rozina ambaye hajazaa. Nitalijibu hilo. Ila nakuomba, dada, wewe mwenye tabia ya kusoma mwisho kwanza, safari hii soma kwa mpangilio, la sivyo utanicheka kabla sijamaliza kukasirika.

Maana nilikasirika kwelikweli. Juma lililopita nilikuwa nimeshaamua kumrudisha Rozina kwao. Siyo kwa maneno ya Baba mdogo, wala kwa ajili ya mtoto. Nilikuwa na sababu yangu mwenyewe, niliyoiona kwa macho yangu nikiwa nimelala chali chini ya lori.

Lori lenyewe ni Bedford kuukuu iliyotoka jeshini, inayovuta kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma. Kazi yake ni kushuka bonde la Rukwa hadi Mtowisa kuchukua mpunga wa vijiji vya ujamaa. Barabara ya kushuka kule usiombe. Ni mawe na makorongo tangu huku juu hadi chini, na ukishafika chini unakutana na tope linalomeza ekseli nzima. Meneja akaniagiza niliinue. Nikaliinua. Nikaongeza majani ya springi, yaani vile vibamba vya chuma vinavyobeba gari, nikaweka vipande vya chuma kati ya springi na ekseli, likasimama juu mpaka akina mama wanaoleta maharage ushirika wakawa wanauliza kama tutagawa na ngazi.

Watu wanadhani kuinua ndiyo kazi. Kazi inaanza baada ya hapo. Gari likishainuka, shokapu zinazozuia springi zisirukeruke zinakuwa fupi, inabidi uzitafutie vishikio vingine. Halafu kuna raba za kugotea. Hizo zinakaa chini ya chesisi, juu ya ekseli, ili gari likibonyea sana ekseli ikutane na raba badala ya chuma kukutana na chuma. Raba ikiwa fupi, shokapu inafika mwisho wake kabla ya raba, na shokapu haikutengenezwa ili ipigwe kichwani. Raba ikiwa ndefu mno, gari linagota kwenye kila shimo na dereva anakutukana njia nzima. Nilizichonga mwenyewe kutoka kwenye tairi la trekta. Nikapandisha gurudumu moja juu ya kichuguu kilichoko nyuma ya karakana, nikalala chini, nikatazama nafasi iliyobaki, nikalishusha, nikachonga tena. Nilishinda na kichuguu kile mpaka Flavian wa stoo akaniuliza kama nimeshakitolea mahari.

Mwishoni nilifunga uzi wa sweta kwenye fimbo ya kila shokapu. Springi zikibonyea, kopo la shokapu linausukuma uzi juu, na springi zikirudi uzi unabaki palepale uliposukumwa. Kwa hiyo lori likitoka safari, natazama uzi na kujua lilibonyea kiasi gani. Likirudi na mpunga, uzi unakuwa juu. Likirudi tupu, unakuwa katikati. Hakuna haja ya kumuuliza dereva.

Dereva wetu anaitwa Eustaki, Mfipa wa hapahapa, mtu mpole, mwenye kuacha sentensi zake nusu na kucheka kidogo badala ya kuzimalizia. Nilimpenda tangu siku ya kwanza, na ndiyo maana baadaye nilimchukia kwa nguvu. Yeye ndiye anayemshusha Rozina bondeni. Unakumbuka nilikuandikia kwamba Rozina amewekwa asimamie madarasa ya elimu ya watu wazima, wale wazee wanaojifunza kusoma chini ya mabati ya ghala. Kila juma hushuka na lori, hulala Mtowisa kwa mwalimu mwenzake mmoja mjane anayeitwa Dominika, hupanda na lori. Sikuwa na neno lolote juu ya hilo. Nilikuwa hata namfungia mahindi ya kuchoma.

Neno lilianza siku Eustaki alipokuja karakana na kunitaka nililegeze lori. Alisema springi ni ngumu mno, lori likiwa tupu linarusha, na raba zangu zinagonga kama nyundo. Akaniomba nipunguze jani moja au mawili na nichonge raba laini zaidi, walau kwa safari moja. Nilimuuliza kwa nini safari moja. Akacheka kidogo na kuangalia kofia yake. Dada, mpunga hauvunjiki. Gunia la mpunga halijali kurushwa. Mtu anayetaka lori liwe laini kwa safari moja ana kitu kinachovunjika, na kitu kinachovunjika ambacho dereva hataki kukitaja ni magendo. Nilifikiria chupa. Nilifikiria zile bidhaa zinazovushwa Kasanga kutoka ng'ambo ya ziwa. Nikamkatalia, nikamwambia lori liliinuliwa kwa ajili ya mzigo, na akitaka godoro aende dukani. Alishukuru, akaondoka. Kushukuru kwake kulinitia shaka zaidi, kwa sababu mtu mwenye haki yake angegomba.

Baada ya hapo macho yangu yalifunguka, au niseme yalifunguka upande mmoja. Nilianza kukumbuka kwamba tangu miezi iliyopita Rozina hashuki tena siku ya darasa tu. Anashuka hata siku ambazo hakuna darasa, anasema kuna mitihani. Anaondoka na chakula kilichopikwa: viazi, maharage yaliyoungwa, mara moja hata kuku. Nilimuuliza kama huko bondeni hawali. Akasema wanakula. Blanketi letu la pili, lile la kijivu ulilotupatia siku ya arusi, halikuwepo kabatini. Akasema liko kwa mtu anayeona baridi. Baridi gani ya Mtowisa, dada, mahali ambapo mbuzi wanagombania kivuli? Na kila nilipolitaja jina la Baba pale nyumbani Katandala, yeye alikumbuka kitu jikoni.

Flavian naye hakunisaidia. Ni mtu anayependa kuanza na maneno mimi sitaki kusema, kisha anasema. Akasema hataki kusema, lakini Eustaki na mke wangu walionekana wamekaa upande wa kivuli wa lori, pale Mtowisa, wanaongea chinichini, na walipomwona mtu wakanyamaza. Nilimwambia aende akahesabu vyuma vyake. Lakini neno lilikuwa limeshaingia, likakaa.

Ikaja safari iliyofuata. Lori lilirudi alasiri, tupu. Eustaki alisema msimamizi wa ghala la Mtowisa alikuwa hayupo, ghala limefungwa, hakupakia hata debe moja. Nikaingia chini ya lori kama kawaida yangu. Uzi ulikuwa juu kabisa, dada. Juu kuliko siku ya mpunga. Shokapu zote mbili za nyuma zilikuwa zimekwenda karibu na mwisho wake. Lori lililorudi tupu lilikuwa limebeba mzigo mzito kutoka bondeni, limeushusha mahali fulani, kisha likaja kunidanganya mimi niliyelifunga uzi. Nikapanda kwenye bodi. Limefagiliwa vizuri, lakini kwenye nyufa za mbao kulikuwa na mchanga mweupe, mbichi, wa kwenye vijito vya bonde. Huku juu udongo wetu si wa namna hiyo. Nikajisemea kwamba mzigo ulifichwa chini ya mchanga, na nikaanza kujipongeza.

Pongezi hazikudumu. Nilirudi chini kutazama raba, nikakuta raba zangu za nyuma hazipo. Zilikuwa zimefunguliwa kwa spana, na mahali pake pamefungwa vifurushi vikubwa vya nguo na mipira ya baiskeli, vimekazwa kwa kamba kama mtumba wa pamba. Vimesagika, vimelowa grisi. Nikakata kamba ya kimoja kwa kisu. Nguo ya nje ilikuwa gunia. Nguo ya ndani ilikuwa kitenge, cha bluu chenye maua ya njano, na pindo lake limeshonwa kwa uzi mwekundu kwa sababu uzi wa bluu ulikuwa umetuishia siku ile. Ninajua kwa sababu niliushikilia mkasi.

Nililala palepale chini ya lori. Nilijaribu kutafuta njia moja halali ambayo kitenge cha mke wangu kinaweza kupita ili kifike kwenye ekseli ya lori la mwanamume mwingine, na sikuipata. Moyo uliniuma, dada, sikufichi. Nilimwoa Rozina kinyume cha maneno ya watu, nikamtetea mbele ya Baba mpaka Baba akahama nyumba yake mwenyewe, na sasa nilikuwa nimelala kwenye mafuta machafu nikikitazama kitenge chake.

Nilimwita Eustaki. Nilimuuliza nani amefungua raba. Akasema yeye, kwa sababu zilikuwa ngumu na mimi nilikataa. Nilimuuliza kitenge amekitoa wapi. Akasema alipewa. Na nani? Akaangalia chini na kusema kwamba swali hilo nimuulize aliyempa, kwa sababu yeye ameapishwa. Hakucheka safari hii. Nilikuwa na spana mkononi, na namshukuru Mungu kwamba ilikuwa na grisi ikaniteleza. Flavian, ambaye kutokuwepo kwake hakujawahi kutokea, akanifuata nje na kusema hataki kusema, lakini kuna mtu alimwona mke wangu mchana akishuka kutoka nyuma ya lori, siyo mbele kwa dereva, akitokea ndani ya turubai, kichwa wazi bila kilemba, na mchanga kwenye magoti.

Nilikwenda nyumbani. Rozina alikuwa anachambua ulezi. Magoti yake yalikuwa yamechubuka, niliyaona alipoinuka. Nilimuuliza kitenge cha bluu kiko wapi. Akasema amekiazima kwa mwenye shida. Nilimuuliza kilemba chake. Akasema nacho. Nikamuuliza huyo mwenye shida ana jina? Akaendelea kuchambua ulezi, na machozi yakawa yanadondokea humohumo kwenye ungo. Mtu mwingine angeyaona machozi yale na kuuliza vizuri zaidi. Mimi niliyahesabia kuwa ni ushahidi. Tangu hapo sikumsemesha. Nilikula kwa mama ntilie karibu na soko, na kichwani nikawa natunga maneno ya kuwaambia wazazi wake, na mengine ya kukuomba wewe umpokee akipita Tukuyu, kwa sababu sikutaka aaibike njiani hata baada ya yote.

Jumamosi aliondoka nyumbani na sufuria iliyofungwa kwa kitambaa. Lori lilikuwa karakana, nimelifungua springi mwenyewe makusudi lisiende popote, kwa hiyo nilijua huyo mwanamume yuko hapahapa mjini. Nilimfuata mchana kweupe, mimi mtu mzima mwenye ndevu, nikijificha nyuma ya kuta na mikokoteni. Aliingia hospitali. Nikafikiri, kumbe ni mgonjwa, na hasira yangu ikapungua kidogo kisha ikaongezeka mara mbili. Karibu na lango, pale wanapojenga wodi mpya, nilipita lundo la mchanga. Mchanga mweupe, wa vijito vya bonde. Nikasimama. Niliushika, nikausugua vidoleni. Ni uleule. Mzigo mzito wa lori lililorudi tupu ulikuwa umemwagwa kwenye lango la hospitali, mbele ya watu wote, na haukuwa umeficha kitu. Ulikuwa mchanga tu.

Mtu wa lori anajua jambo moja, dada, na mimi nilikuwa nimelisahau kwa sababu ya wivu. Lori gumu likiwa tupu linarusha. Ukilijaza mzigo mzito, springi zinalala na linakwenda polepole na kwa upole. Mtu anayejaza lori mchanga kutoka bondeni hasafirishi mchanga. Anasafirisha kitu kilicholala juu ya mchanga, kisichotakiwa kurushwa. Na mtu anayefungua raba ngumu na kuweka nguo anajua kwamba springi zikilala zitagota, na hataki hata huo mgoto usikike.

Rozina alifika kwenye wodi ya wanaume, akamkabidhi muuguzi, Sista Silvana, sufuria mlangoni, akarudi nje. Hakuingia. Alikaa chini, chini ya dirisha, amelipa dirisha mgongo, na amejifunika kanga mpaka usoni. Nilimtazama. Mkao ule naujua. Wewe ndiye uliyemfundisha, siku tulipomleta nyumbani, ulipomvuta nyuma ya mgomba kwa sababu Baba alikuwa anapita. Kwetu mkamwana hamwoni babamkwe wake usoni, hasimami alipo, hakutani naye njiani, na Rozina ameishika desturi hiyo miaka yote bila kukosea hata siku moja. Hakuna mwanamume mwingine duniani ambaye Rozina angempa mgongo namna ile.

Niliingia wodini. Kwenye kitanda cha mwisho, karibu na dirisha, alikuwa Baba. Mguu wake wa kulia umenyooshwa kwa kamba iliyopita kwenye gurudumu dogo na kufungwa kitu kizito, na juu yake blanketi la kijivu. Amekonda, ndevu zimekuwa nyeupe zote. Akaniuliza kama nimekuja kumjibu au kumsalimia. Nikapiga magoti, nikamsalimia. Nililia, dada, mbele ya wagonjwa wote, na mzee wa kitanda cha pili akawa ananipa pole akidhani nimefiwa.

Basi hizo ndizo habari za Baba. Yuko hai. Tangu atoke nyumbani hakwenda Kyela wala ng'ambo. Alisikia watu wa kwetu wanalima mpunga Mtowisa, akaenda huko. Anasema aliyataka mashamba. Mimi nadhani, tangu tulipomzika Mama, alitaka pia kuwa karibu na mimi bila kuniomba radhi, na bila mimi kumwomba. Rozina ndiye aliyemgundua, na hakumgundua kwa sura maana sura yake haijui. Alikuwa darasani, akasikia mtu nje ya ghala akimfokea ng'ombe. Miaka yote ameisikia sauti hiyo kupitia ukuta wa jikoni kwetu. Alitoka kwa mlango wa nyuma, akajificha, akamtuma Eustaki akamuulize mzee huyo ni nani. Tangu siku hiyo chakula kilipita kwa Eustaki. Baba akamwapisha Eustaki kwamba mimi nisiambiwe, kwamba nikija kumfuata atahama tena. Rozina aliogopa kumpoteza mara ya pili, akanyamaza. Fikiria hilo, dada. Aliyetakiwa kuletewa mke mwenza ndiye aliyekuwa anampikia kuku.

Kisha Baba akaanguka kwenye tuta la jaruba akavunjika paja. Eustaki alikuja kuniomba nililegeze lori, nikamwambia akanunue godoro. Kwa hiyo wakafanya walivyoweza. Wakajaza mchanga kutoka kijitoni, wakafungua raba zangu, wakafunga nguo, wakamlaza Baba juu ya mchanga uliolowa, wakapanda taratibu tangu alfajiri. Hayo ameniambia Eustaki, nilipomwendea kumwomba msamaha na kumwachia yeye spana. Alimaliza kila sentensi siku hiyo. Na mwisho akaniambia jambo ambalo ndilo linanifanya nikuandikie.

Paja lililovunjika lazima lishikwe njia nzima, na dereva hawezi kushika usukani na paja. Bondeni siku ile watu walikuwa mashambani, na Dominika alikuwa amesafiri. Rozina alisimama kando ya lori. Kisha akapanda nyuma, akafungua kilemba chake, akamfunika nacho Baba uso, ili yeye asimwone na Baba asimwone. Akapiga magoti kwenye mchanga, akalishika paja la babamkwe wake kwa mikono yake miwili, kutoka Mtowisa mpaka lango la hospitali. Kila lori lilipotaka kugota alilala juu ya mguu ule. Eustaki alicheka nilipomweleza kwa nini hilo ni kubwa, maana kwao halipo. Sisi tunajua. Baba mdogo Sadoki akilisikia, hatatafuta sababu nyingine. Atasema mwanamke huyu amemshika mkwewe, ameleta mkosi juu ya nyumba, ndiyo maana hazai, arudi kwao. Wazee watamkubalia. Rozina alilijua hilo alipokuwa anapanda, na ndilo alilokuwa analilia kwenye ungo wa ulezi.

Nilirudi kwa Baba kumuuliza, kwa heshima, kama anakumbuka nani alimshika mguu njiani. Alikuwa anakula maharage ya Rozina. Alitafuna, akameza, akasema hakumwona, alikuwa amefunikwa uso. Ila anajua alikuwa nani. Alikuwa utingo wa lori.

Dada, lori lile halina utingo. Ushirika haujawahi kutupa utingo.

Baba akaendelea, kwa sauti kubwa kidogo, na nikaona ameligeuzia uso dirisha lililo wazi. Alisema ni utingo mzuri sana, mwenye mikono midogo lakini yenye nguvu, na kila gari lilipotikisika aliomba Mungu kwa Kinyakyusa safi. Alisema katika maisha yake hajahudumiwa na kijana kama yule. Akasema kama nitaandika barua nyumbani, nimwambie Sadoki kwamba ile habari ya mke wa pili yeye Baba ameifuta, na isirudiwe, kwa sababu mtu aliyebahatika kupata utingo wa namna ile habadilishi gari. Kisha akaomba maji.

Nilitoka nje. Rozina alikuwa palepale chini ya dirisha, amejiziba mdomo kwa kanga na mabega yanamtikisika. Nilidhani analia tena. Alikuwa anacheka na kulia pamoja. Nilikaa chini kando yake na kumwomba radhi, na aliniacha niombe kwa muda mrefu, kama nilivyostahili. Kisha akauliza kama utingo huyo ataandikwa kazi rasmi.

Kwa hiyo ombi langu ni hili. Baba mdogo atakuuliza, kwa sababu huuliza kila kitu. Wewe umwambie kwamba mzee alivunjika mguu, akapandishwa na lori la ushirika, dereva ni Eustaki, na aliyemshika njiani ni utingo. Basi. Usiongeze, wewe mwenye moyo wa kuongeza. Mganga anasema mfupa ukishika tutamleta nyumbani kwa lori hilohilo, na nimeshapunguza majani ya springi na kuchonga raba mpya, laini, kutoka kwenye mpira wa ndani uliokunjwa. Nimelijaribu tena juu ya kichuguu, na Flavian hakusema kitu.

Barua hii ukishaisoma iteketeze jikoni, kisha msalimie shemeji na kuwabusu watoto. Wape majirani wote salamu zangu, pamoja na wale wasiotupenda. Baba anakusalimu na anasema migomba uliyoilima karibu mno na njia uihamishe. Rozina anakusalimu.

Utingo naye anakusalimu sana.

Ni mimi mdogo wako,
Tuntufye.